Taa za Mzee Mustapha

Kwa miaka kumi na mmoja Habakuki alikuwa fundi ambaye hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Alikuwa anapiga vanishi majeneza. Karakana ilikuwa ya Filemoni, seremala wa hapa Korogwe, kando ya barabara kuu, na kazi waligawana vizuri: Filemoni anapima, anakata na kugongea misumari, Habakuki anapiga msasa, anapaka vanishi, na mwisho kabisa anaandika jina na tarehe mbili kwenye msalaba. Mkono wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba walimu waliokuja kuzika walisimama kuyatazama maandishi badala ya kulia.

Siku ya kwanza kazini Filemoni alimfundisha jambo moja ambalo hakulirudia tena. Seremala akipima huandika kwa penseli juu ya ubao: jina la marehemu, urefu, upana wa mabega. Alama hizo ni za fundi, na wafiwa hawatakiwi kuziona. Mwaka mmoja mjane aliona ubavuni mwa jeneza la mumewe maneno "futi tano, mnene", na mazishi yakasimama nusu saa nzima watu wakigombana kuhusu adabu. Tangu siku ile, mkono wa Habakuki ukikuta maandishi juu ya kitu kinachotakiwa kung'aa, unafuta. Haumngoji mwenyewe auamuru.

Kazi haikumchosha. Watu ndio waliomchosha. Akimtazama mtu barabarani, mtu huyo anajikunyata akidhani anapimwa. Akienda kumjulia hali mgonjwa, wenye nyumba wanamuuliza mlangoni ni nani aliyemwita. Shuleni, binti yake Paulina aliulizwa baba yake anafanya kazi gani, akasema anatengeneza vitanda. Hilo ndilo lililomuuma Habakuki kuliko yote, hasa kwa sababu Paulina alikuwa amefikiri sana kabla ya kujibu.

"Mama Paulina," alimwambia mkewe, "mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka mtu akiniona, afurahi."

Asnath alikuwa Msambaa wa milimani, na wa kwao hawapotezi maneno. "Basi badilisha kazi," alisema huku akichambua mchicha. "Maana uso siwezi kukubadilishia."

Kazi mpya aliipata kwenye simu. Kulikuwa na video ya mzungu mmoja aliyevaa glovu nyeupe akiling'arisha gari ndani ya gereji ambayo sakafu yake ilikuwa safi kuliko sahani za akina Habakuki. Aliitazama mpaka bando likaisha, akaazima simu ya mkewe akaitazama tena. Msasa wa maji, polishi, kitambaa laini, mkono unazunguka polepole, halafu unangoja. Mbona kazi yenyewe anaijua! Tofauti ni kwamba huku mteja anaondoka akiwa amekaa.

Filemoni alimuaga kwa roho safi. "Nenda, ndugu yangu. Nafasi yako hapa naitunza." Alisema kwa upendo kabisa, ila maneno kama hayo, yakitoka kwa mtu wa majeneza, yanakaa vibaya mgongoni.

Akapata kiwanja kidogo chenye tangi la maji, akatundika bango: HABAKUKI, TUNANG'ARISHA MAGARI. Wiki ya kwanza alijifunza ambayo video haikusema, kwa kuwa gereji ya mzungu haikuwa na gari lililotoka Sindeni. Vumbi letu jekundu haliondoki kwa kuoshwa mara moja. Linabaki limejibana kwenye rangi, halionekani, na ukilisugulia polishi linageuka msasa. Gari la kwanza lilitoka na miduara boneti nzima, na mwenye gari akauliza kwa upole kama hayo ni mapambo. Baada ya hapo Habakuki aliosha mara mbili, kisha akavaa nailoni nyembamba kwenye vidole na kuipapasa bodi nzima, maana kupitia nailoni hata chembe moja ya mchanga inasikika. Akajifunza pia kutopaka polishi juani. Wateja wakaanza kuja, mmoja mmoja, na baadhi yao walicheka naye. Alirudi nyumbani akimsimulia Asnath hivyo vicheko mpaka chakula kikapoa.

Ndipo akaja Mzee Mustapha.

Mzee Mustapha alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mkata, mwenye Noah ya rangi ya fedha ambayo aliitunza kuliko afya yake. Mwaka mmoja aliibiwa vioo vya pembeni mara mbili. Watu wengi wakiogopa wezi huchoresha namba ya gari kwenye vioo na taa, ili mwizi akiuza ijulikane ni mali ya nani. Mzee Mustapha alichoresha kila kitu kinachofunguka kwa bisibisi: vioo, taa za mbele, taa za nyuma, redio, hata jeki. Sasa binti yake alikuwa anaolewa, na Noah ndiyo ingembeba bibi harusi.

"Nataka ing'ae mpaka wakwe zangu waone haya," alisema, akamkabidhi Habakuki funguo.

Habakuki aliifanyia kazi siku mbili. Bodi ilitoka vizuri mno. Zikabaki taa za mbele, ambazo kwa uzee zilikuwa zimepata umanjano, hata balbu haionekani. Akachukua msasa wa maji, akaanza na ule mkali, akaja wa wastani, akamalizia na laini, kisha polishi. Juu ya kila taa kulikuwa na mikwaruzo ya herufi na tarakimu. Mkono ukaona maandishi, nao ukafanya kama ulivyozoea. Ndani ya taa ya kushoto kulikuwa na kipepeo wa usiku aliyekufa, amelala chali. Habakuki akachomoa balbu kwa nyuma, akamtoa kipepeo, akasuuza ndani na kukausha. Alikotoka yeye, hakuna fundi anayeacha mdudu ndani.

Mzee Mustapha alipokuja alizunguka gari mara tatu kwa furaha. Mara ya nne akachuchumaa mbele ya taa.

"Namba yangu iko wapi?"

"Nimeisafisha, mzee."

"Na kipepeo wangu?"

"Kipepeo?"

"Kipepeo aliyekuwa humu ndani! Aliingia siku tuliyokwenda Kabuku kwenye msiba wa shemeji yangu. Miaka minne namwona."

"Nilimtoa, mzee. Alikuwa amekufa."

Mzee Mustapha akasimama taratibu, magoti yakilia. "Bwana Habakuki, hizi ni taa mpya. Taa zangu zilikuwa njano, zina namba, zina kipepeo. Hizi si njano, hazina namba, hazina kipepeo. Umeniwekea taa za watu, na zangu umeuza."

"Mzee, nani anaiba taa mbovu akaweka nzuri?"

"Hizi umeiba kwingine!" Mzee Mustapha alipiga kelele, na kwa hasira aliyokuwa nayo hata yeye hakusikia alichokisema. "Zangu ni za asili!"

Kufikia jioni Korogwe nzima ilijua kwamba yule wa majeneza anaiba taa. Mzee Mustapha akatuma ujumbe: polisi hataki kwenda, harusi iko karibu, akirudishiwa taa zake za zamani kabla ya Jumamosi, atasamehe. Filemoni, mwenye roho yake safi, akatoa shauri. Msasa mkali upo, kalamu ya chuma ya kuchorea ipo, umanjano unapatikana kwa vanishi kidogo, na vipepeo wa usiku wamejaa kwenye taa ya karakana. Taa za zamani zinatengenezwa kwa saa moja.

Habakuki alishawishika. Asnath ndiye aliyekataa.

"Ukimrudishia, umekiri," alisema. "Utakuwa mwizi aliyesamehewa. Na mwizi aliyesamehewa ni mwizi, ila anaitikia salamu kwa unyenyekevu. Ulitaka watu wafurahi kukuona, Baba Paulina. Nenda ukajitetee, au rudi kwa wale wasiosema."

Habakuki hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti Faudhia alisikiliza kesi barazani mwa ofisi yake, kigari chake cha bluu kikiwa kimeegeshwa pembeni na umati ukiwa umeegemea ukuta. Mzee Mustapha alieleza njano, namba na kipepeo. Faudhia akamgeukia Habakuki.

"Ushahidi unao?"

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Ushahidi ninao mikononi. Naomba gari lako."

Watu wakacheka. Faudhia hakucheka, ila alikuwa mwanamke wa haki, akaitikia kwa kichwa. Habakuki akamwaga maji kwenye taa ya kulia, iliyokuwa imekufa kwa umanjano na imechorwa namba ya gari juu yake, akaanza kusugua. Uji wa manjano ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Baada ya dakika kama kumi herufi zikawa zinafutika mbele ya macho ya watu, ya mwisho kwanza, mpaka ikabaki moja, nayo ikaenda. Akapaka polishi, akafuta kwa kitambaa. Taa ikawa inaonyesha balbu, na ndani ya balbu, uzi wake.

Umati ukaguna. Mzee Mustapha alisogea, akapapasa taa kwa kidole gumba kutafuta namba ambayo alikuwa ameisoma dakika kumi zilizopita. Kisha akavua kofia.

"Niseme nini?" alisema. "Nimekosa."

"Habakuki hakuiba," Faudhia akatangaza. "Na nisimsikie mtu."

Watu wakapiga makofi. Habakuki alisimama pale mikono ikimchuruzika, machozi yakimlenga, akiwa na jina safi kuliko siku aliyobatizwa. Asnath, aliyekuwa nyuma ya umati, ndiye pekee aliyeona kwamba makofi yalikuwa yanapungua upande wa wenye magari. Mmoja alikuwa ameanza kuondoka kinyumenyume. Dereva wa bodaboda aliyekuwa karibu na Habakuki alikifunika kioo chake kwa kiganja.

"Taa ya pili, mama mwenyekiti?" Habakuki aliuliza. "Naimalizia bure."

"Hapana," Faudhia alisema haraka. "Moja inatosha."

Siku iliyofuata hakuja mteja hata mmoja. Wala siku ya pili. Siku ya tatu, mapema, alikuja mwanamume asiyemfahamu, amebeba gunia, anatabasamu meno yote nje.

"Wewe ndiye Habakuki? Uliyefuta namba ya mwenyekiti mbele za watu, dakika kumi?" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, nimekutafuta sana. Mungu akupe maisha marefu."

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na vioo vya pembeni na taa, vimechorwa namba za magari sita tofauti.

Habakuki alimtazama yule mtu usoni. Katika miaka yote, hakuna mtu aliyewahi kufurahi kumwona namna ile. Ilikuwa furaha ya kweli, ya moyoni, hata macho yalikuwa yanameremeta. Habakuki akaokota ndoo ya maji machafu, akammwagia, akamfukuza mpaka ng'ambo ya barabara, na aliporudi akakaa juu ya tangi lake akalia waziwazi.

Aliyekuja baada ya hapo ni Mzee Mustapha. Harusi ilikuwa imepita, na wakwe waliona haya kama ilivyopangwa. Alisimama mbali kidogo, akikohoa.

"Bwana Habakuki. Nataka namba yangu kwenye taa. Wachoraji wengine wanakwaruza juu juu tu, nimejionea. Wewe peke yako unajua msasa unafika wapi. Basi chora ndani zaidi ya hapo."

Habakuki akaazima kalamu ya chuma kwa Filemoni, akachora. Mkono ulioandika misalaba haukutetemeka. Namba ilikaa katikati ya taa ile aliyoing'arisha mwenyewe, kubwa, nyoofu, ya kudumu. Mzee Mustapha akaipapasa, akamkumbatia. Siku ile ile yakaja magari mawili kutoka Mkata. Wiki iliyofuata ilikuwa foleni. Kila mtu Korogwe na Handeni sasa alijua kwamba namba zinafutika, na kila mtu alimjua anayezifuta, na hakuna aliyetaka namba yake ichorwe na mwingine. Bango likabadilishwa. Likaandikwa: HABAKUKI, TUNACHORA NAMBA. Paulina alilitaja shuleni bila kufikiri.

"Wanakuja wenyewe," Asnath alimwambia. "Wanacheka nawe, wanakushukuru, wanakuletea hadi mahindi. Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho," Habakuki alisema.

Kung'arisha hajaombwa tena. Kila jioni kigari cha bluu cha mwenyekiti hupita hapo, taa ya kushoto njano na namba yake, taa ya kulia safi kama maji ya kisimani. Mara tatu amemwomba Faudhia amruhusu ailinganishe ya pili, na mara tatu Faudhia amemjibu kwamba moja aliitoa kwa ajili ya haki, hiyo nyingine ni mali yake. Kikipita, Habakuki huinua kalamu ya chuma, akaitazama ile taa moja mpaka ipinde kona. Kisha huinama, akaendelea kukwaruza ya mtu mwingine.