Kidole cha Marehemu

Msimu ule korosho zilipata bei nzuri, na kila mwanamume wa Chilangala aliyejiheshimu alikwenda Masasi kununua simu ya aina moja tu, ile kubwa, baba wa simu zote. Zikaisha dukani. Waliochelewa wakaandikisha majina, wakasubiri kama wagonjwa. Mume wangu aliwahi. Alirudi akiisifu: haizami majini.

Hongera kwa aliyeitengeneza. Huku kwetu juu, maji tunayafuata bondeni na kuyapandisha kichwani, kwa hiyo simu isiyozama ndiyo hasa tuliyokuwa tumeikosa. Kila alipokuja mgeni, ndoo yangu ilimiminwa kwenye beseni, simu ikaogeshwa, mgeni akashangaa. Mimi nikashika tena njia ya bondeni.

Sifa ya pili ilikuwa kufuli lake. Simu ilifunguka kwa kidole cha mume wangu tu; namba ya siri hakumwambia mtu.

“Mwizi akiiba ataambulia kioo,” alisema.

Jioni moja alijirekodi akiniimbia kwa Kimakonde. Sauti yake ilikuwa mbovu kweli. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha akaugua, akafariki, tukamzika na kidole chake. Hilo wauza simu hawakulitaja walipokuwa wakisifu.

Kwetu mali ya mjomba huenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Baada ya arobaini, mpwa akakabidhiwa simu, akaipeleka kwa fundi Masasi. Alirudi nayo ikiwa bado imefungwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Fundi anasema inafunguka, ila vilivyomo vyote vitafutika.”

“Mjomba wako anaimba humo.”

“Najua, mama. Lakini ikikaa hivi nayo haiimbi.”

Nilimwomba asubiri kidogo, naye akasubiri, akitembea na kioo chake mfukoni, vijana wenzake wakimuuliza kama anajitazamia ndevu. Korosho zilipoanza tena kudondoka, akaenda kwa fundi.

Alikuja kunionyesha. Imekuwa mpya kabisa, alisema, kama imetoka dukani. Nilipokea kwa mikono miwili, nikatafuta mahali pa nyimbo. Palikuwa peupe. Nikamrudishia.

Akainua simu, akanielekezea usoni.

“Cheka kidogo, mama.”

Sikucheka. Kamera yake kweli ni nzuri. Picha ilitoka safi, kila mkunjo mahali pake. Ndiyo ya kwanza kuhifadhiwa humo.