Mshenga Aliyejiposea

Huko Soppeng, zama za machifu wa Kibugi, hapakuwa na harusi bila La Temmu. Alizaliwa mwanamume, akakua calabai, si wa kundi la waume wala la wake, na kazi ya calabai ilijulikana: kuposa, kupika, kumpamba bibi harusi. Wanawali wa mji mzima yeye ndiye aliyewafunda namna ya kumvumilia mume. Wa kwake mwenyewe, mhunzi La Wero, alikuwa amemkimbia juzi kwenda kwa mama yake.

Kumfuata bila mshenga ilikuwa aibu. Na mshenga wa mji alikuwa nani? La Temmu alijicheka mpaka machozi, akavaa saruni yake ya kuposea, akaenda. Posa ikikataliwa, mshenga harudi tena mlangoni pale.

Indo Maddi, mama yake Wero, alimpokea ngazini kana kwamba hamjui. "Karibu, mshenga. Kakutuma nani?"

"Mtu mmoja wa mtaa wa pili, mama. Ana nyumba, anajua kazi."

"Tabia je?"

Hapo alinaswa. Hakuwahi kudanganya katika posa. Mshenga mwongo huvunja nyumba mbili, na hilo alikuwa amewahubiria wakubwa na wadogo. Akasema kweli. "Mdomo, mama. Mdomo anao."

"Mkubwa?"

"Unatosha kuezekea paa. Anamkosoa mwenzake anavyokaa, anavyotafuna, mpaka anavyokoroma. Juzi kamsahihisha kushika sahani mbele ya wageni, utadhani anamfunda mwali. Na kazeeka, ingawa anajipaka unga wa mchele kama ukuta mpya."

Nyuma ya kiambaza mtu alibanwa na kicheko.

"Sasa mtu huyo nimpe mwanangu kwa lipi?"

"Hata mimi nimejiuliza njia nzima. Ila tangu juzi anapika cha wawili, anakaa kukitazama."

Sauti ya Wero ikatoka ndani. "Mama, muulize mshenga. Huyo aliyemtuma ataniomba radhi mbele ya wageni walewale?"

"Mshenga kaishia hapa, Wero. Nakujibu mwenyewe. Kesho wote watakuwa kwenye harusi ninayoipikia. Nitasema mbele yao."

"Na ukianza tena?"

"Nitaanza, najijua. Nikanyage mguu."

Wero akatoka na kifurushi chake, kimefungwa ovyo, mkono wa shati ukiburuta sakafuni. La Temmu aliuona. Akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akatangulia kushuka ngazi.