Uduvi wa Zahanati na Udongo wa Mzabibu

Katika miaka yote aliyokata vioo pale Kizota, Dodoma, Tadeo Chidawali hakuwahi kumwambia mteja neno "sijui." Akiulizwa kama anaweza kutia kioo cha duara kwenye dirisha la kanisa, alijibu, "Najua." Akiletewa gari la Kijapani ambalo hajapata kuliona, alijibu vivyo hivyo, kisha akaenda kujifunzia kwenye kazi yenyewe. Mara nyingi mambo yalimnyookea. Alikuwa na jicho kali na mkono usiotetemeka, na miaka ile ya ruksa, kila mtu alipokuwa akifungua duka au saluni yenye mlango wa kioo, banda lake halikukauka wateja. Klara, mkewe, alizoea kumtania: "Wewe siku ukiulizwa njia ya mbinguni utasema unaijua, na watu watakufuata."

Kati ya waliomfuata alikuwa Daktari Bupe, mama wa Kinyakyusa aliyeacha kazi katika hospitali ya serikali mara watu binafsi waliporuhusiwa tena kutoa matibabu. Alifungua zahanati ndogo upande wa pili wa reli. Watoto waliletwa pale na homa zao, wakiona koti jeupe wanapiga mayowe, na chumba kizima cha kusubiri kinaambukizwa kilio. Daktari alikumbuka kwamba alipokuwa masomoni ng'ambo aliona sanduku la kioo lililojaa maji na majani mabichi, na ndani yake uduvi wadogo wakitembea juu ya majani kama watu walio shambani. Watoto wa kule walikuwa wakilikodolea macho mpaka wanasahau sindano. Naye akataka la kwake.

"Kioo sina wasiwasi nacho," alimwambia Tadeo. "Uduvi nao nimeambiwa wako kwenye kinamasi cha Bahi, mwaka huu mvua imekuwa nzuri. Kinachonisumbua ni cha kuweka chini. Majani yale yanahitaji kushika mizizi, na uduvi wanashinda pale pale chini wakichokonoa chakula. Mimi sijui ni mchanga, ni changarawe, au ni udongo. Kama na wewe hujui, fundi, sema, nimwandikie mwenzangu Dar es Salaam atuulizie."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema sijui. Daktari mwenyewe alikuwa ameshalisema, wala hakupungukiwa kitu.

"Najua, daktari," alisema Tadeo.

Sanduku alilitengeneza vizuri kupita kazi zake zote. Aliliunga kwa gundi ya silikoni, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana madukani, akalisugua kingo mpaka mtoto angeweza kupitisha kidole bila kujikata. Kisha akakaa kulitazama, akijiuliza atie nini chini. Mchanga wa korongoni aliujaribu kwenye ndoo akauona umepauka, hauna uhai. Kokoto nyeupe za kutengenezea sakafu zilipendeza, lakini mmea gani utaota kwenye kokoto? Tope la Bahi, walikotoka majani na uduvi wenyewe, lilinuka, na yeye hakutaka watu waingie zahanati siku ya kubarikiwa jengo wakiziba pua kwa sababu ya kazi yake.

Ndipo akakumbuka shamba la mzabibu la baba mkwe wake, njia ya Bihawana. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu, laini, umelishwa samadi miaka na miaka. Kila kilichopandwa pale kiliota. Akaenda na gunia, akachota chini ya mizabibu yenyewe, akapepeta, akauosha kidogo, akautandaza na kupanda majani. Juu ya wekundu ule majani yalionekana ya kijani kibichi kweli kweli. Tadeo alisimama mbele ya sanduku lake akajipongeza.

Uduvi walitoka Bahi kwa mvuvi mmoja aitwaye Hasani, wakiwa ndani ya ndoo yenye majani. Walikuwa wadogo, wepesi, miili yao inaonyesha upande wa pili kama kioo chenyewe. Walitiwa majini Jumapili jioni, baada ya padri kubariki jengo. Watu wazima waliinama kama watoto kuwatazama. "Huyu fundi ana kipaji," alisema mtu mmoja, na Tadeo akajifanya hakusikia ili mtu yule arudie.

Jumatatu asubuhi alipita makusudi kwenda kuona watu wakishangaa kazi yake. Chumba kilikuwa kimejaa. Lakini uduvi hawakuwa wakitembea juu ya majani. Baadhi walikuwa wakizunguka kwa kasi, wanajigonga kwenye kioo, kisha wanaanguka kifudifudi. Wengine walikuwa wamelala chini ubavu, wamebadilika rangi, weupe kama wali. Mtoto mmoja wa kike akaanza kuwaonyesha kwa kidole: "Mama, huyu amekufa. Na huyu. Na huyu."

Mama yake, Elieth, aliyekuwa amempakata mdogo wa binti huyo mwenye homa, alisimama. Akamuuliza muuguzi, "Haya maji ni ya bombani au ya kwenye tanki lenu?"

"Ya tanki letu," alijibu muuguzi, Mwajabu, bila kuwaza.

"Na dawa za maji za watoto, zile za unga, mnachanganyia maji gani?"

Mwajabu akasita. Kusita kule ndiko kulikomaliza kazi. Elieth alimfunga mtoto mgongoni akatoka. Mama mwingine akamfuata, na mwingine. Tadeo aliyekuwa amesimama mlangoni alijibana ukutani kuwapisha.

Habari haikuhitaji matarumbeta. Ilipita kwenye foleni za maji, ikaingia sokoni, na kila ilipofika iliongezewa chumvi. Mara kuna mtoto aliyetapika baada ya kunywa dawa ya pale, mara tanki lina mjusi aliyeoza. Mabenchi ya zahanati yakaanza kupungua watu.

Tadeo alijiambia kwamba huenda kweli ni maji. Alijiambia hivyo mpaka siku alipopeleka unga kwa wakwe. Alimkuta baba mkwe wake shambani, bomba la dawa mgongoni, akiinyunyizia mizabibu isishikwe na ukungu. Majani yalikuwa yamepakwa rangi ya samawati iliyopauka, na matone yalikuwa yakidondoka chini, kwenye udongo ule ule mwekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea kando, mwanangu, usije ukachafua shati. Mrututu hautoki."

Mrututu. Tadeo alisimama kama aliyepigwa kofi. Mwaka aliooa alilibeba bomba lile mwenyewe, mkwe akimpima nguvu. Na alipokuwa mwanafunzi aliona watu wa afya wakimwaga mrututu huo huo katika bwawa la kijiji kuua konokono wa kichocho. Siku ya pili yake makombe yao yalikuwa yakielea, na pamoja nayo kila kidudu kilichokuwa bwawani; yaliyosalia ni majani tu. Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo hakulijua. Kwa mara ya kwanza neno lile "najua" lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma.

Hakusema kitu kwa mkwe wala kwa Klara. Alianza kukwepa barabara ya reli, akawa anazunguka nyuma ya maghala hata akiwa amebeba kioo kizito. Alijipa sababu: daktari ana wateja wake wa zamani, watarudi, maneno ya watu ni kama vumbi la Dodoma, yatatua.

Jumamosi moja alikuwa kwa Silvano kinyozi, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, wanaume waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kuizungumza zahanati. Mmoja akaigiza uduvi anavyokata roho, mikono imekunjwa kifuani, na kila mtu akacheka. Tadeo naye alijikuta anacheka.

"Lakini Tadeo," Silvano akakumbuka, "si wewe uliyelitengeneza lile sanduku?"

"Mimi nilitengeneza kioo tu," alisema Tadeo. "Mambo ya ndani siyajui."

Hatimaye alikuwa amelitamka lile "sijui," tena palipokuwa na haja ya kusema kinyume chake. Kioo cha kinyozi kilikuwa mbele yake, hakuwa na pa kuuficha uso. Aliona masikio yake yakiiva.

Wiki iliyofuata Mwajabu alifika bandani. Tadeo alipomwona alijifanya anapima kioo ambacho kilikuwa kimeshapimwa. Alitegemea kushtakiwa, na tayari alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitetea.

"Daktari amenituma," alisema muuguzi yule. "Anasema umsamehe sana."

"Nimsamehe?"

"Anaona labda ni yeye aliyeharibu kazi yako. Siku ile ya kubariki jengo alifuta vumbi kwenye kioo kwa spiriti, anafikiri iliingia majini. Maji ya tanki ameyapeleka kupimwa, yamerudi mazima, lakini nani ataamini karatasi? Anakuogopea wewe, watu wasije wakasema kazi zako ni mbaya." Mwajabu alitazama chini. "Mimi ameniambia nitafute kazi kwingine kama nitapata. Hakuna wa kuhudumia."

Yale maneno ya kujitetea sasa hayakuwa na kazi. Angepigwa, angetukanwa, angejua la kufanya. Lakini kuombwa msamaha na mtu uliyembomolea nyumba! Alimshukuru Mwajabu, akafunga banda jua likiwa bado juu, akavuka reli.

Daktari Bupe alikuwa peke yake, akipanga upya chupa zilizokuwa zimepangika. Sanduku lilikuwa limekauka kabisa, udongo umepasuka nyufa.

"Daktari, ni huu udongo," alisema Tadeo kabla hajakaribishwa kiti. "Nimeuchota kwenye mizabibu ya mkwe wangu. Una mrututu. Uliponiuliza, nilikuwa sijui. Nilisema najua kwa sababu... nilisema tu."

Mama yule aliziacha chupa zake. "Umegundua lini?"

Hili ndilo swali aliloliogopa njia nzima. "Zamani kidogo," alisema. "Mabenchi yalikuwa bado hayajaisha watu."

Daktari aliketi. Hakupaza sauti. Alichukua chupa moja, akaigeuza mkononi, akairudisha. "Ungenidanganya kuhusu udongo peke yake, fundi, ningecheka. Mimi mwenyewe sikuujua. Lakini ulipita huko mitaani ukawasikia watu."

"Niliwasikia."

"Na ukanyamaza."

Tadeo alitaka kusema kwamba alinyamaza tu. Akamkumbuka yule aliyeigiza uduvi anakata roho. "Nilicheka nao," alisema.

"Basi kaseme kule ulikochekea," alisema daktari, akainuka kumfungulia mlango.

Alianza kwa Silvano, akasema akiwa amesimama, na wanaume wakamcheka yeye badala ya uduvi. Hilo lilimwia jepesi. Zito lilikuwa kwenye kioski cha maji, walikopanga foleni wanawake na ndoo zao, maana huko ndiko maneno yalikoota miguu. Alivua kofia. Alieleza habari ya mzabibu na mrututu, kwamba maji ya zahanati ni mazima, kwamba aliyetia sumu ni yeye.

Elieth alikuwa kwenye foleni. Alisogea mbele, ndoo mkononi.

"Siku ile nilimbeba mwanangu anaungua homa mpaka hospitali ya mkoa, kwa miguu, jua la saa sita. Njiani akashikwa na degedege. Nilijua amekufa mgongoni kwangu." Alimtazama Tadeo toka kichwani hadi miguuni. "Kumbe ni udongo wako."

"Yuko?" aliuliza Tadeo.

"Yuko. Mungu alimtazama, si wewe."

Alirudi nyumbani akamsimulia Klara yote. Klara hakumtania. Alimtengea maji ya kuoga, na kutotaniwa kule kulimwuma kuliko maneno ya kioski.

Watu walirudi zahanati polepole, si wote. Mwajabu alibaki kazini. Elieth alirudi baada ya masika mengine, watoto mitaani walipokuwa wameshaanza kumwita Tadeo "Bwana Mrututu." Aliitikia. Na daktari alipomtuma mtu kumwuliza kama atalichukua sanduku lake au alitupe, aliomba ruhusa ya kulijaza tena.

Safari hii aliosha kioo kwa maji tu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikwenda Bahi akachota tope pale pale walipokuwa wakiishi uduvi, akalitandaza jembamba chini ili mizizi ipate chakula. Juu yake akaweka tabaka nene la mchanga wa korongoni, ule uliopauka, ambao alikuwa ameusuuza mpaka maji yakatoka meupe. Mchanga ukalikandamiza tope, lisichafue maji wala kunuka. Akapanda majani, akayaacha yashike. Kabla ya kutia uduvi alitia tope na mchanga ule ule kwenye chupa ya jamu, pamoja na uduvi wachache, akaiweka bandani dirishani. Kila asubuhi alianza kazi yake kwa kuwatazama. Wote walipokuwa bado wanatembea, mmoja akiwa na mayai tumboni, ndipo alipomwambia daktari, "Nadhani watakaa. Sina hakika. Tuwatie wachache kwanza."

Walikaa.

Mwaka uliofuata alimpeleka Klara pale, kifua kilikuwa kinambana. Chumba kilikuwa kimejaa, na kwenye benchi alikaa mtumishi mmoja wa ofisi za Bunge, mgeni mjini, na binti yake magotini. Binti alikuwa amegandisha pua kwenye kioo, akihesabu uduvi na kuchanganyikiwa kila walipohama.

"Hii kazi nzuri sana," alisema mgeni yule. "Ni ya fundi gani?"

Tadeo aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Alisikia kikohozi cha Klara kando yake, kisha sauti yake ikisema, "Ni mume wangu. Huyu hapa."

Mgeni akamnyooshea mkono. Tadeo aliupokea bila kuinua macho, akasema tu ahsante, na Mwajabu akaita jina la anayefuata.