Binti yangu amempa adui wa muvi sauti ya baba yake

Admin, usiweke jina langu, Voi ni mji mdogo na mimi ni mtu wa soko. Nina miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea kuandika mnivumilie. Tangu juzi situlii. Sukuma wiki nakata huku naangalia barabara, chai naacha inapoa.

Bwanangu ni dereva wa lori huko kambi ya mgodi Kishushe, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Ni mtu wa kanisa, mtu wa bidii, na hajawahi kuniinulia mkono. Lakini ana mdomo. Akikasirika haanzi na kelele. Anakohoa, anavua kofia anaiweka kwa goti, halafu anasema polepole, "Nauliza swali dogo tu." Hapo watoto wanajua siku imeharibika. Hilo swali dogo litaenda mpaka ugali ukauke, na ukijibu ni makosa, ukinyamaza ni makosa.

Kifungua mimba wangu ni msichana, ana miaka ishirini na mmoja. Yeye na babake walikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaweka pamoja, zile muvi za jasusi ambazo zimetoka miaka na miaka, hii ikiisha ingine inakuja. Sisi huku tunamwita Mzee wa Kuruka, maana hakuna muvi hajaruka kutoka kwa gorofa ama kwa ndege. Baba akija na flashi, wanakaa wawili wanabishana nani msaliti. Mimi nikiwa jikoni nasikia wakicheka, roho yangu inakuwa safi.

Huyu mtoto akaanza kutafsiri muvi kwa Kiswahili, vile maDJ hufanya, anaongea juu ya wale wazungu na kuwatia maneno yake. Mwaka jana baba akajua. Kulikuwa na wageni kwa nyumba. Akakohoa. "Nauliza swali dogo tu. Nilisomesha mtu ndio aje kupigia wazungu kelele kwa vibanda vya muvi?" Alisema mengi, mtoto akalia mbele za watu. Mimi nikafanya vile hufanya siku zote, nikamfinya mkono nikamnong'oneza, "Sema pole tu yaishe." Akasema pole. Asubuhi akapanga nguo zake akaenda kwa dadangu Ronge, na hajarudi.

Sasa kumetoka ingine mpya ya huyo jasusi. Juzi mchana kinyozi jirani yangu akaniita, "Mama, kuja usikie! Kuna dem ametafsiri hii kitu, ameua kabisa!" Kuingia, nasikia sauti ya mtoto wangu. Nikapiga kelele, "Huyo ni wangu! Huyo nimezaa mimi!" Watu wakapiga makofi, jamaa mmoja amenyolewa nusu kichwa akaamka kunipa mkono. Ningejua ningefunga mdomo.

Maana mbele kidogo jasusi amefungwa kwa kiti, bomu linahesabu, na yule adui mkubwa mwenye suti anamzunguka. Adui akakohoa. "Nauliza swali dogo tu. Ni nani amekalia kofia yangu?" Kinyozi alizima mashine ndio acheke vizuri. Hata mimi nilicheka, wapendwa, nilishika mlango. Kisha yule wa nusu kichwa akaniangalia. "Mama, si huyu ni mzee wako kabisa?"

Halafu akaingia yule mama mkubwa wa ofisi ya majasusi, ambaye kumbe anamjua adui siku zote na anamfichia. Akamwangalia jasusi kwa zile kamba. Mtoto wangu akamtia sauti ndogo, nyororo. "Sema pole tu yaishe." Hapo ndipo watu walicheka zaidi. Mimi nilitoka nje.

Nikampigia. "Mpaka mimi umeniweka?"

"Kwani ni uongo, Mama?"

"Na babako akisikia?"

"Asikie. Si yeye ndiye fan?" Kisha akashusha sauti. "Mama, huyo baba alikuwa rahisi. Huyo mama ndiye amenisumbua. Sauti yake nilirudia kurekodi nikilia."

Mimi nilidhani namkinga.

Sasa soko lote ni hiyo. Mtu anakuja kununua nyanya, anakohoa kwanza. "Mama, nauliza swali dogo tu, za leo ni ngapi?" Nacheka nao, halafu chenji nawapa kimakosa.

Jana bwanangu alipanda mahali kuna network akanipigia. Sauti yake ilikuwa chini, si ile ninayoijua. "Mama watoto, vijana hapa kambini wanasema Mzee wa Kuruka mpya ametafsiriwa na msichana wa Voi. Ni yule wetu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usiniambie imeenda aje. Mwambie aje Jumamosi nikija, tuiangalie na yeye, kama zamani." Miaka yote ya ndoa sijasikia huyo mtu akirudi nyuma kwa neno lake. Nilifurahi, na hapo hapo nikakumbuka yule adui na kofia yake.

Mtoto amekubali kuja. Lakini ameniwekea sharti. "Mama, akianza, usiseme kitu. Usinifinye. Ukiingia katikati, nabeba begi yangu na sitakanyaga hapo tena."

Nyinyi mliolea, na nyinyi akina baba pia, niambieni kabla ya Jumamosi. Nimpigie mzee nimweleze yaliyo ndani, akasirike huko mbali mpaka apoe? Ama nikae kwa kiti changu ninyamaze, niwaache hao wawili? Hiyo ya kunyamaza sijawahi kuijaribu hata siku moja. Kama kuna mama aliyeweza, anifundishe.