Nguo Niliyoitia Manjano

Miezi ya mwisho ya ujauzito wangu wa kwanza niliacha kazi ya kufunga maua Naivasha, nikaenda Subukia kwa mama mkwe. Mume wangu alibaki kazini Olkaria. Sikuwa na la kufanya, nikaamua kumtilia mtoto rangi shuka zake. Nilichemsha vitambaa viwili vya pamba kwa maji ya chumvi, kisha nikavitumbukiza kwenye sufuria ya manjano, ile ile tunayotia kwenye wali. Vilitoka na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Mama mkwe alicheka, akasema nimepika nguo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Siku ya tatu, tukiwa tumerudi nyumbani, nikaona shingo na mashavu yake yana umanjano. Nikamwita mama mkwe, mwanamke aliyelea watoto saba. Alimtazama, akatazama shuka ya manjano niliyomfunga, akaniambia nilete maji ya vuguvugu. Tulipomwosha, maji ya beseni yakabadilika rangi.

"Unaona?" alisema. "Ni kitambaa kinachuja. Sisi wenyewe ndio tumempaka."

Nilitaka sana iwe hivyo, kwa hiyo nikaamini. Nilimfunika blanketi nyeupe, nikangoja ngozi itakate.

Asubuhi ya siku ya nne hakuamka kunyonya. Nilimsugua nyayo, nikampuliza usoni. Akakunja uso tu, akalala tena. Nikambeba hadi mlangoni penye jua, nikamfungua jicho kwa kidole. Palipopaswa kuwa peupe palikuwa manjano. Rangi ya nguo haiingii ndani ya jicho. Nikamwita mama mkwe.

Mama mkwe aliangalia mara moja. Hakubishana. Alienda mbio kwa jirani mwenye pikapu ya maziwa, akamwomba atupeleke Nakuru. Njia nzima niliweka kidole chini ya pua ya mtoto nisikie pumzi. Gari likiruka shimo nilipoteza ile pumzi, nikamwinamia hadi nikaipata tena. Mume wangu alipiga simu mara mbili. Sikushika. Niliogopa kwamba nikilitamka jambo lile litakuwa kweli.

Hospitalini muuguzi alimbonyeza puani kwa kidole aone rangi ya ngozi, akauliza umanjano ulianza lini. Nilimweleza habari ya nguo.

"Nguo haijamdhuru," alisema. "Kilichokuwa kinamdhuru ni kungoja."

Walimlaza chini ya taa ya buluu inayopunguza umanjano, uchi, macho yamefunikwa. Daktari alitueleza kwamba umanjano ukizidi huweza kufika kwenye ubongo, au kuharibu masikio. Siku mbili mama mkwe alikaa kando yangu. Siku ya tatu mtoto alilia njaa kwa sauti iliyogeuza vichwa wodi nzima, na mama mkwe akajifunika uso kwa leso.

"Nilikuambia vibaya," alisema.

Nilimjibu, "Mum, hata mimi nilitaka iwe ni nguo."

Tuliruhusiwa kwenda nyumbani, na mtoto akanenepa. Lakini kwa miezi mingi, nikiwa naye peke yetu jikoni, nilidondosha kijiko nyuma yake kusudi, nione kama atageuka. Aligeuka kila mara. Na kila mara, kabla hajageuka, niliogopa.