Iko ku Shato

Siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 1993, kaka yangu alipoteza rafiki yake na chumba kimoja ambacho hakuwahi kukiona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Chumba hicho kilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta, na aliyemfanya asikione ni mimi.

Tulikaa Kolwezi, katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Baba alikuwa fundi wa magari makubwa. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya karani mmoja, mtu wa asili ya Kasai, jimbo la mbali kaskazini, ingawa yeye na watoto wake wote walizaliwa palepale Kolwezi. Mwanawe wa kwanza alilingana na kaka yangu, miaka kumi na minne, na tangu darasa la kwanza walikaa benchi moja.

Miaka miwili kabla ya hapo, maduka yalipoporwa, kisha Wazungu wakakimbia, injinia wao mmoja alimwachia yule karani kompyuta ambayo haikuingia kwenye sanduku lake. Ilikuwa kibodi nene tu, unaiunganisha na televisheni, kisha unachomeka redio ya kaseti. Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti. Ilipoanza kusoma, ililia kama mabati yanayoburutwa barabarani, ikalia muda wa kupika bukari, ugali wa kwetu, wa watu wanane, na umeme ukikatika unaanza upya.

Kifuniko cha redio ile kilikuwa kimevunjika. Mtu alipaswa kukibana kwa kidole hadi mwisho, asitikisike. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilichuchumaa chini ya meza, kidole kikifa ganzi, na picha ilipotokea, rafiki wa kaka yangu alisema, "Aksanti, mudogo. Sasa unaweza kwenda." Kaka yangu alikuwa ameshakaa. Viti vilikuwa viwili.

Sikuenda. Nilisimama mlangoni nikatazama. Kulikuwa na ngome ya mawe ya buluu, na mtu mdogo mwenye kofia nyekundu aliyetafuta funguo. Aliruka juu ya mashimo, akaning'inia kwenye kamba, akapita madaraja yaliyoporomoka chini ya miguu yake. Popo wakimgusa mara tatu, anarudishwa kwenye lango la kwanza. Walipeana zamu bila kuambiana. Mmoja alipochoka mkono, mwingine alikuwa tayari ameuweka wake. Hicho ndicho nilichokionea wivu, kuliko mashine yenyewe. Kaka yangu hakuwahi kunipa zamu ya kitu chochote kwa namna ile.

Karani alisoma Kifaransa kwenye karatasi ya kaseti akawaambia kwamba jumba lile ni château. Basi wakaliita shato. Lakini kwetu shato lilikuwa kitu kingine: tangi kubwa la maji juu ya miguu ya saruji, mwisho wa mtaa, ambako akina mama walipanga foleni mabomba ya nyumbani yalipokauka. Mara ya kwanza kaka yangu aliposema, "Mama, naenda ku shato," mama alimpa ndoo mbili. Saa moja baadaye alinituma nimtafute. Nilifika kwenye tangi nikauliza kama wamemwona yaya, yaani kaka yangu, na mama mmoja mnene akasema, "Yaya yako? Labda amepanda juu anaoga." Wakacheka wote. Nilirudi nikazikuta ndoo zimefichwa nyuma ya nyumba ya karani, kavu.

Tangu siku hiyo likawa neno la siri kati yetu. Akiulizwa, mimi nijibu yuko ku shato. "Si bongo," aliniambia, maana yake si uongo. "Iko kweli." Nilifurahi kwamba nami nina kitu changu katika mambo yao, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kuwachungia mlango.

Kisha ukaja ule mwaka. Wakubwa wa jimbo walitangaza kwamba watu wa Kasai ni wageni; hao wakafukuzwa kazini, wakaanza kutolewa kwenye nyumba. Vijana walipita mtaani wakiimba, wakiwaita bilulu, yaani wadudu. Niliwajua baadhi ya vijana hao, mmoja alikuwa mwimbaji kanisani kwetu. Familia zilihamia kwenye stesheni ya treni na magodoro na sufuria, zikalala pale kungoja mabehewa ya kuwapeleka Tenke, njia panda ya reli, na kuendelea kaskazini, kwenye nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Baba hakuimba na hakutupa jiwe. Alisema tu mezani, "Hakuna mutu wa nyumba hii atavuka ile barabara. Bakituona kule, kesho na siye tunatafutiwa neno." Aliogopa, na alikuwa na sababu.

Jumanne ile mchana rafiki wa kaka yangu alikuja kwenye ua wetu, akasemea kwenye upenyo wa uzio.

"Leo njo leo. Kesho tunaenda ku gare, ku treni."

"Tata amekataza," kaka yangu alisema, maana baba tulimwita hivyo.

"Tata yako iko ku kazi. Tumebakiza fasi kidogo tufike ku mwisho, unajua."

Kaka yangu akavaa viatu. Nilimfuata mpaka kwenye upenyo nikasema, "Na miye?"

Rafiki yake alinitazama. Nadhani hakukusudia ubaya, siku hiyo alikuwa na mengi kichwani. "Kaseti imeshaingia. Leo hatuna na kazi na weye."

Wakavuka barabara. Nilibaki nikipepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari.

Baba alirudi mapema. Aliegemeza baiskeli ukutani, akauliza, "Yaya yako iko wapi?"

"Iko ku shato," nilisema.

Akaridhika. Akaishika tena baiskeli, akaigeuzia upande wa tangi ili akamsaidie kubeba maji. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye pedali. Nimeurudia mguu ule maisha yangu yote. Ningenyamaza, angefika kwenye tangi, angeuliza, angezunguka, na wale wawili wangepata nusu saa.

"Hapana ile ya mayi," nikasema, nikielekeza kidevu nyumba ya karani. "Ile ya kwa bale bantu."

Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyenilazimisha.

Baba alivuka barabara kwa miguu, nami nikamfuata kwa mbali kidogo. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona televisheni. Mtu mwenye kofia nyekundu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa njano, ambao sikuwahi kuuona katika miezi yote ya kusimama kwangu. Kaka yangu alisema, "Tata, dakika moja." Baba alimshika mkono akamtoa. Hakumpiga. Mama wa nyumba ile alikuwa akifunga sahani kwenye shuka, akasema taratibu, "Mutoto haina na kosa, tata." Baba hakuweza kumtazama.

Jikoni kwetu ndipo alipomwambia kaka yangu, "Bila mudogo yako ningezunguka bure." Kaka yangu aligeuka akanitazama, kisha akaenda kulala na viatu.

Asubuhi walipakia mkokoteni wakaondoka. Mashine ilichukuliwa na watu kabla hawajafika stesheni. Kaka yangu hakusema nami mpaka mvua za mwaka uliofuata, na aliposema ilikuwa kuniomba chumvi. Neno shato halikutajwa tena nyumbani. Hata mama akawa anasema "kwenye tangi."

Tulikua tukawa ndugu wazuri, wa kutembeleana Jumapili. Yeye alitengeneza simu sokoni. Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, maana masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari lakini vidole vyangu ni vyepesi. Mwaka jana mapafu yalimshinda. Tulimzika siku ya mvua. Kwenye matanga walinipa simu yake ili niwapigie walio mbali, na humo ndimo nilimomkuta rafiki yake, yuko Mbuji-Mayi, huko Kasai, anauza vipuri vya pikipiki. Walikuwa wamepatana tena tangu miaka mitatu nyuma. Ujumbe wao ulikuwa mwingi hata nikachoka kuupandisha kwa kidole. Mimi niliyekaa mitaa miwili tu kutoka kwake, ujumbe wangu wote ulitosha kwenye kioo kimoja: "Umekula?" "Dawa umepata?" "Kesho."

Na ngome ilikuwemo. Siku hizi kuna programu inayoifanya simu au kompyuta ijifanye ile mashine ya zamani. Wenyewe waliiita kiigizi. Mchezo ni uleule, mawe yaleyale ya buluu, ila haulii kama mabati na hakuna kifuniko cha kubana. Tena kiigizi kinakuruhusu kusimamisha mchezo popote na kuuhifadhi. Unazima, unarudi baada ya mwezi, na mtu wako yuko palepale, hata kama mguu wake ulikuwa hewani.

Kaka yangu alikuwa amehifadhi mahali pamoja tu: mbele ya mlango wa njano.

Baada ya matanga rafiki yake alinipigia. "Mudogo, ile fasi yaya yako aliweka, unaweza kunitumia? Tulipatana tutafungua pamoja siku nitakuja Kolwezi. Miye niliogopa kuja. Sasa unaona."

Nilimwambia kiigizi kina neno la siri na silijui. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeshainakili ngome yote kwenye kompyuta ya kibandani.

Kwa miezi mitatu, wateja walipopungua, niliufungua mlango ule mwenyewe. Ndani kuna giza, na boriti zinazosogea juu ya shimo refu. Sijui kuruka. Hakuna aliyenifundisha. Boriti ya kwanza naipata, ya pili naanguka. Lakini nikibonyeza, kofia nyekundu inarudi mbele ya mlango, pale kaka yangu alipoiacha, na nilipenda kuiona ikirudi kuliko nilivyotaka kuvuka. Nilijiambia kwamba hii angalau ni yangu. Huyo wa Mbuji-Mayi ana maneno yake yote, mimi nibaki na mlango.

Wiki iliyopita alipiga tena, mchana. Hakuuliza habari ya mchezo. Aliuliza kama kaburi limewekwa saruji. Sauti yake imekuwa ya mtu mzima kama ya baba yake, na sikuweza kuendelea. Nikamwambia faili ninayo tangu siku ya kwanza. Kisha nikamwambia yale ya Jumanne, baiskeli, mguu kwenye pedali, maneno niliyoongeza.

Nilimsikia akimwambia mteja arudi baadaye.

"Ni weye?" akasema. "Mbona yeye alinielezea eti tata yenu alimuona mu dirisha?"

"Lini alikuelezea?"

"Kila mara. Hata mwaka jana, na kukohoa kote kule, alikuwa anacheka. 'Ile dirisha ilituua.' Njo alikuwa anasema."

Dirisha la nyumba yao lilitazama nyuma, kwenye bustani ya mihogo. Kutoka barabarani halionekani. Rafiki yake hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja, na kaka yangu alijua hatalifikiria. Katika ujumbe wao wote ule, hili la kwangu hakumpa. Nitasema ukweli: kabla ya kuona aibu, niliona furaha. Nilikaa nayo kidogo.

"Utanikasirikia," nilisema.

"Nitakasirika kesho. Tuma."

Nilituma. Akasema imefika, akasema nisikate simu. "Washa na ya kwako." Nikawasha. Nikasikia kutoka kwake mlio wa mlango, nami nikaufungua wangu.

"Boriti ya pili usikimbie," alisema. "Ngoja ianze kurudi, njo unaruka."

Nilingoja, nikaruka, nikaanguka.

"Uko wapi, mudogo?"

"Nimeanguka."

"Rudi ku mlango. Niko nakungoja."

Nikarudi mlangoni.