Mama alivyokuja kwenye msiba wake mwenyewe na unga kichwani

Wakuu, heshima zenu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje. Kiswahili changu ni cha West Nile, huku Uganda, kwa hiyo watu wa pwani msianze kunisahihisha kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Arua upande wa Pajulu, nyumba ya kupanga yenye geti. Peke yangu.

Mama yuko Koboko, mtaa wetu wa Wanubi, kwenye nyumba aliyoolewa akiwa msichana. Magoti yanagoma siku hizi, ila mdomo uko vizuri kabisa.

Mwaka jana aliteleza kwenye bafu la nje. Alilala pale toka adhuhuri mpaka karibu alasiri, jirani yake Mama Zaituni alipokuja kuazima kinu. Nyonga ilipona. Sisi watoto woga haukutuisha.

Kaka yetu mkubwa, Ramadhani, akatoa amri: Mama ahamie kwake Arua. Mama akasema akihamishwa hatakula. Na namjua, hatakula kweli.

Nikaingilia kati na ujuaji wangu. Nikasema kuna sensor zinafungwa ukutani, mtu akipita zinaona. Kuna na bangili yenye kitufe cha dharura, nayo inahisi mwendo. Kila kitu kinakuja kwenye app, mimi naangalia nikiwa Arua.

Kaka akanipa mwezi mmoja. Vifaa vikishindwa, Mama anahama na hakuna mjadala.

Basi nikaenda kufunga. Moja sebuleni, moja chumbani, moja koridoni, kama kitabu cha maelezo kilivyosema. Kwenye kitabu kulikuwa na picha ya bibi wa Kizungu amekaa kwenye sofa anatabasamu. Hiyo picha ingetakiwa kunishtua, lakini wapi.

Kesho yake, Jumatatu, niko kwenye cherehani, sare za shule zimenizidi, simu inalia. Alert: hakuna mwendo ndani ya nyumba tangu alfajiri. Bangili nayo: hakuna mwendo.

Nikapiga simu ya Mama, imezimwa. Nikampigia Mama Zaituni, yuko sokoni. Nikapiga kelele, "Mama hajasogea tangu asubuhi! Kimbia nyumbani!" Halafu nikaangua kilio kabla ya kukata simu.

Kosa hilo nalikubali. Kwetu mtu akilia vile kwenye simu, hakuna anayeuliza swali la pili.

Nikampigia Kaka, nikakodi gari, nikalia njia nzima. Dereva akazima redio kwa heshima.

Wakuu, nilipofika nilikuta mikeka imetandikwa. Sufuria kubwa ya msikiti, ile ya misiba, iko kwenye mafiga. Ndugu wa kijijini Ludara wameshafika na bodaboda, wamebeba na jogoo. Wanaume wawili wamesimama na majembe wanauliza wachimbe wapi.

Mtauliza, hakuna aliyeingia chumbani? Hakuna! Mlango wa mbele umefungwa, kila mmoja anadhani mwenzake ameshamwona marehemu. Wengine wanasema si adabu kuingia kabla mtoto wake hajafika.

Mtoto mwenyewe nikafika, nikajitupa kwenye mkeka nikaanza kugaragara.

Ndipo nikasikia sauti kwenye njia ya nyuma. "Poleni, poleni sana. Nani mekufa hapa kwangu?"

Mama. Leso kiunoni, kibeseni cha unga kichwani.

Alikuwa mtaa wa pili. Akasikia kuna msiba upande wa kwake, akaazima unga huko huko, maana msibani huendi mikono mitupu.

Mzee mmoja wa kwenye benchi akajibu pole pole, "Wewe."

"Mimi? Nani mesema?"

Wote wakaninyooshea kidole.

Jamani, aibu ile! Nilitaka ardhi inimeze na app yangu.

Kumbe Mama anatoka na mlango wa nyuma kabla jua halijachomoza, anashinda kwa wenzake wanasuka tabaga, zile kawa zetu za rangi rangi za kufunikia chakula. Anapika nje, anakula nje, anasali kwenye mkeka nje. Ndani anaingia kulala tu.

"Nani nakaa ndani ya nyumba mchana? Mimi iko mgonjwa?"

Sensor zangu tatu zilikuwa zinalinda vyumba vitupu. Simu ilikuwa dukani inachajiwa. Na bangili? Ameifungia kwenye sanduku, anaisubiri Idi. Kitu kizuri vile utavaaje kusuka tabaga?

Hapo Kaka naye akafika. Kuona watu, akadondoka kando ya gari lake analia, mtu mzima na kitambi chake. Alipoinua macho akamwona Mama anapima unga.

Akasimama, akajipangusa, akasema kwa hasira, "Imekwisha. Mama, funga nguo. Tunaondoka leo."

Mimi nikalia upya, na safari hii kwa sababu ya kweli. Nimemfukuzisha Mama nyumbani kwake kwa mikono yangu.

Mama akaendelea kupima unga. "Ramadhani, hawa watu wote wamefika kabla yako, wewe na gari. Kwako nikianguka, mke yako iko kazini, watoto iko shule, geti iko na kufuli. Mutu gani atakuja?"

Kaka akavua viatu, akaja mkekani. Akaletewa sahani, akakaa, akala. Tulikula msiba wote ule, mpaka jogoo wa Ludara.

Mama akabaki. Sensor moja tukaihamishia mlango wa bafu la nje. Akiingia akakawia, simu ya Mama Zaituni inalia kwanza, yangu baadaye. Juzi alikawia anasugua visigino, wanawake watano wakavamia bafu na leso mkononi. Aliwatukana wote kwa majina. Kifaa kinafanya kazi.

Siku ile ile ya kuihamisha, akaichomoa ya sebuleni akanipa. "Hii funga kwako Pajulu, mlangoni. Ilie kwa simu yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Wewe nakaa peke yako. Ukianguka, nani atajua?"

Nikafunga.

Jumapili nilishikwa na homa, nikabaki kitandani. Saa tatu asubuhi simu ikalia. "Mlango yako haijafunguka. Wewe iko mzima?"

Nikasema niko mzima.

"Muongo. Mimi iko njiani."

Akaja toka Koboko na magoti yale yale, ana uji kwenye chupa ya chai. Nilikunywa huku nalia, na akanigombeza kwa kulia.

Nilichojifunza: kabla hujamfungia mzazi kifaa, shinda naye siku nzima uone anaishi wapi. La pili ni gumu zaidi kwangu. Miaka yote nilidhani wa kuangaliwa ni Mama.

Sasa wewe unayesoma umejifungia ndani: kesho mlango wako usipofunguka, nani atapiga simu? Andika jina lake hapo chini. Kama hakuna, andika hivyo hivyo, tukusalimie.